Vim kwa Anayeanza: Sarufi Kabla ya Mapambo

Kihariri matini ni programu ya kuandikia maandishi matupu, yaani maandishi yasiyobeba ndani yake maelezo ya ukubwa wa herufi, rangi wala mpangilio wa ukurasa, na kwa sababu hiyo ni tofauti na programu kama Microsoft Word, ambazo huhifadhi maneno pamoja na sura yake. Waandaaji wa programu hutumia vihariri kuandikia misimbo, wasimamizi wa seva huvitumia kurekebisha mafaili ya mipangilio, na watafiti huvitumia kusafishia data kabla ya kuichambua. Miongoni mwa vihariri hivyo, Vim ni mashuhuri kwa mambo mawili ambayo ni vigumu kuyapatanisha: waliokwisha kuizoea hawaiachi hata wakipewa kingine, na wanaoifungua kwa mara ya kwanza hushindwa hata kutoka ndani yake. Mwaka 2017 tovuti ya Stack Overflow, ambako waandaaji wa programu huulizana maswali ya kazi yao, ilitangaza kwamba swali la namna ya kutoka ndani ya Vim lilikuwa limekwisha kusomwa zaidi ya mara milioni moja.

Chanzo cha taabu hiyo si uzito wa kichwa cha mwanafunzi. Mafunzo mengi humkabidhi ama orodha ndefu ya vitufe vya kukariri, ama faili la mipangilio lililonakiliwa kutoka kwa mtu mwingine, na njia zote mbili humnyima jambo moja linaloifanya Vim ieleweke, nalo ni kwamba amri zake zimejengwa kwa sarufi. Mwanafunzi anayeanza na sarufi hiyo, akaelezwa pia kwa nini programu ina tabia zinazoonekana kuwa za ajabu, kisha akaahirisha mapambo mpaka atakapoyahitaji, hufika mbali bila ya kuchoshwa njiani.

Tabia hizo za ajabu zina historia. Vim imetokana na vi, programu iliyoandikwa na Bill Joy mwaka 1976 alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kabla ya hapo, watumiaji wengi wa mfumo wa Unix waliandika kwa ed, kihariri cha Ken Thompson wa maabara za Bell, ambacho hakikuonyesha ukurasa bali kilishughulikia mstari mmoja mmoja kwa amri, na mtu alipokosea kilimjibu kwa alama moja tu ya kuuliza. Joy alitaka mwandishi aone ukurasa mzima, lakini alitaka pia programu yake itumike kupitia modemu ya simu yenye kasi ya baudi 300, ambayo ni takriban herufi 30 kwa sekunde. Skrini ya wakati huo ilikuwa na mistari 24 yenye nafasi 80 kila mmoja, jumla ya nafasi 1,920, kwa hiyo kuichora upya skrini iliyojaa kulichukua zaidi ya dakika nzima. Katika mazingira hayo, amri ndefu ilikuwa gharama, na amri ya herufi moja inayobadilisha pale tu panapohitajika ilikuwa nafuu kubwa. Terminali aliyoitumia Joy, yaani kifaa chenye skrini na kibodi cha kuwasiliana na kompyuta, ilikuwa ya aina ya ADM-3A na haikuwa na vitufe vya pekee vya mishale, bali mishale ilichapwa juu ya vitufe vya h, j, k na l, na kitufe cha Esc kilikaa mahali ambapo kibodi za leo zina Tab, karibu kabisa na kidole. Mwanafunzi wa leo anayeshangaa kwa nini anaambiwa asogeze kishale, yaani alama inayoonyesha mahali alipo katika maandishi, kwa herufi hizo nne, au kwa nini anatakiwa kunyoosha mkono hadi pembeni ya kibodi kila mara kubonyeza Esc, anastahili kujua kwamba mambo hayo yalikuwa na mantiki kwenye kifaa kilichokuwa mezani siku zile.

Vim yenyewe ni kazi ya Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeanza kuiandika mwaka 1988 kwa ajili ya kompyuta ya Amiga na kuitoa kwa umma mwaka 1991. Hapa historia ya programu hii inaingia Afrika Mashariki kwa namna ambayo watumiaji wake wengi hawaijui. Mwaka 1994 Moolenaar alifanya kazi ya kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, katika eneo la Rakai kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Rakai, kama mkoa wa Kagera ulio ng'ambo ya mpaka huo, ilikumbwa mapema na janga la UKIMWI, na watoto wengi waliachwa yatima. Moolenaar aliporudi kwao hakuanza kuiuza programu yake. Aliiacha itumike na kunakiliwa bila malipo, akawaomba wale wanaofaidika nayo wawachangie watoto wa Kibaale, na ombi hilo likawekwa kwenye skrini ya mwanzo ya Vim, likasomwa na wahandisi wa kila bara. Alifariki Agosti 2023, na kazi ya kuiendeleza programu imebaki mikononi mwa watu wa kujitolea. Ni haki mwanafunzi wa Kampala au Bukoba aambiwe habari hii mapema, kwa kuwa inamwonyesha kwamba chombo alichokishika kina uhusiano na majirani zake, na kwamba hakuna mtu anayemdai chochote kwa kukitumia.

Tatizo la kwanza la anayeanza ni kile kinachoitwa hali. Vihariri vingi vina hali moja tu: herufi ikibonyezwa, inaandikika. Vim ina hali kadhaa, na inapofunguliwa huwa katika hali ya kawaida, ambamo kila herufi ni amri. Hali ya kuandika huingiwa kwa kubonyeza i, na mtu hutoka humo kwa Esc. Asiyejua hilo hupata hasara ya papo hapo, na mfano mmoja unatosha kuionyesha. Mtu amefungua faili lenye maandishi, kishale kiko mwanzoni mwa mstari wa kwanza, naye anaandika neno “Dodoma”. Herufi D kubwa, ikiwa ni amri, inafuta mstari wote kuanzia kishale kilipo hadi mwisho. Herufi o ndogo inafungua mstari mpya chini yake na kuingia katika hali ya kuandika. Na herufi nne zilizobaki ndizo zinazoonekana, “doma”. Mstari wa kwanza umetoweka, na mtu hana habari ni kwa nini. Mwalimu mwenye busara humfanyisha mwanafunzi kosa hili kwa makusudi katika dakika za mwanzo, kisha humwonyesha dawa yake: Esc ya kurudi katika hali ya kawaida, halafu u mara mbili, kwa kuwa u ni amri ya kutendua na mabadiliko yaliyotokea ni mawili. Mwanafunzi aliyeona maandishi yake yakirudi hupoteza hofu, na mtu asiye na hofu hujaribu mambo mengi zaidi.

Sambamba na hayo hufundishwa njia ya kutoka. Katika hali ya kawaida, nukta mbili hufungua sehemu ya amri chini ya skrini, “:w” huhifadhi faili, “:q” hutoka, “:wq” hufanya yote mawili, na “:q!” hutoka bila kuhifadhi kilichobadilishwa. Amri hizi, pamoja na Esc na u, zinatosha kwa siku ya kwanza, na kumzidishia mwanafunzi nyingine siku hiyo ni kumchosha bure.

Siku ya pili ndiyo ya sarufi, na hapa panahitaji utulivu. Amri ya kuhariri katika Vim ina kitenzi na shamirisho, yaani tendo na kitu kinachotendwa, kwa mpangilio uleule ambao mzungumzaji wa Kiswahili huutumia anaposema “futa neno” au “badilisha aya”. Vitenzi vya mwanzo ni vitatu: d ni kufuta, c ni kubadilisha, maana yake kufuta na kuingia papo hapo katika hali ya kuandika, na y ni kunakili. Shamirisho huweza kuwa mwendo wa kishale, kwa mfano w, unaokwenda hadi mwanzo wa neno linalofuata, au $, unaokwenda hadi mwisho wa mstari. Kwa hiyo “dw” hufuta hadi mwanzo wa neno linalofuata, “d$” hufuta hadi mwisho wa mstari, na “y$” hunakili sehemu hiyohiyo bila kuifuta. Idadi nayo huingia kati kama inavyoingia katika sentensi: “d3w” ni futa maneno matatu. Kitenzi kikirudiwa, tendo huangukia mstari mzima, na ndiyo sababu “dd” hufuta mstari na “yy” huunakili. Kilichofutwa au kunakiliwa hubandikwa kwa p.

Aina ya pili ya shamirisho ina manufaa makubwa zaidi, na inasikitisha kwamba mafunzo mengi huichelewesha. Hutaja kitu kwa umbo lake bila kujali kishale kimekaa sehemu gani ya kitu hicho. Huanza na i, yenye maana ya ndani, au a, inayochukua kitu pamoja na kinachokizunguka, kisha hufuata jina la kitu: w kwa neno, s kwa sentensi, p kwa aya, na alama ya mabano au ya kunukuu kwa maandishi yaliyozungukwa na alama hizo. Tuseme faili lina mstari huu: Mkutano (Ijumaa, saa nne asubuhi) utafanyika ukumbini. Kishale kikiwa kwenye herufi yoyote iliyo ndani ya mabano, “ci(” huondoa maneno “Ijumaa, saa nne asubuhi”, huyaacha mabano mahali pake, na kumweka mwandishi katika hali ya kuandika ili aweke siku na saa nyingine. Kishale kikiwa katikati ya neno “utafanyika”, “daw” hulifuta neno lote pamoja na nafasi iliyo kando yake, na “dap” hufuta aya nzima.

Faida ya sarufi hii ni ya hesabu rahisi. Vitenzi vitatu na shamirisho kumi huzaa amri 30, na aliyejifunza hajakariri 30 bali 13. Akiongeza kitenzi kimoja, kwa mfano “gU” ambacho hugeuza herufi kuwa kubwa, mara moja anajua “gUiw” ya neno, “gUis” ya sentensi na “gUap” ya aya, ingawa hakuna aliyemfundisha. Mwalimu anaweza kupima kama somo limeingia kwa kumtajia mwanafunzi kitenzi kipya na kumwacha atunge amri mwenyewe. Akizitunga, ameielewa Vim. Akiuliza orodha iko wapi, somo lirudiwe.

Herufi nyingi za amri zilichaguliwa kwa kufuata maneno ya Kiingereza, jambo linalomwongezea mzigo asiyekizoea Kiingereza, lakini baadhi yake zinakubali kumbukumbu za Kiswahili bila kulazimishwa: f, inayopeleka kishale kwenye herufi inayotajwa, ikumbukwe kwa “fikia”, na p kwa “pachika”. Walimu wanaofundisha kwa Kiswahili wangefanya vyema kukusanya kumbukumbu za namna hii pamoja na wanafunzi wao.

Kiungo cha mwisho cha sarufi ni nukta. Katika hali ya kawaida, nukta moja hurudia badiliko la mwisho, na mtu akiiunganisha na utafutaji hupata nguvu ambayo vihariri vya kawaida havina kwa urahisi huo. Tuseme ratiba ndefu ina neno “Jumatatu” mahali pengi, na baadhi ya mahali hapo panatakiwa pawe “Jumanne”. Mhariri huandika “/Jumatatu” na kubonyeza kitufe cha kuingiza, kishale hufika kwenye neno la kwanza. Huandika “ciw”, kisha “Jumanne”, kisha Esc. Kuanzia hapo, n humpeleka kwenye “Jumatatu” inayofuata, na nukta huibadilisha; asipotaka kuibadilisha hubonyeza n tena na kuipita. Kazi yote imekuwa ya vitufe viwili, na uamuzi wa kila badiliko umebaki kwa mwanadamu.

Mazoezi ya mambo haya yamekwisha kuandaliwa. Anayeandika vimtutor katika terminali, ambayo leo ni dirisha la kuandikia amri za kompyuta, hufunguliwa nakala ya somo ambalo lenyewe ndilo faili la kuhariri: maelezo yanamwambia afute neno lililozidi katika mstari ulio mbele yake, naye hulifuta palepale. Somo hilo, ambalo liliandaliwa na Michael Pierce na Robert Ware wa Colorado School of Mines, huchukua takriban nusu saa. Ni zuri, ila nusu saa moja haitoshi kuizoesha mikono, na ni afadhali kulifanya siku tatu mfululizo kuliko kulimaliza mara moja na kuliweka kando. Baada ya hapo mwanafunzi aandike kazi ndogo za kila siku kwa Vim, kama kumbukumbu za masomo au barua zisizo na haraka, huku kazi ya dharura akiifanya kwa programu aliyoizoea, kwa kuwa anayeanza hupungua kasi kwanza na si busara apungue kasi siku ya kukabidhi kazi. Wako walimu wanaozima vitufe vya mishale ili mwanafunzi alazimike kutumia h, j, k na l. Hiyo ni adhabu isiyo na sababu. Mtu aliyeielewa sarufi huiacha mishale mwenyewe, maana “w” na “f” humfikisha mbali zaidi kwa mguso mmoja au miwili.

Wasio na kompyuta hawajafungiwa mlango. Programu ya Termux huipa simu ya Android terminali kamili, na ndani yake Vim huwekwa kwa amri ya “pkg install vim”. Termux huonyesha juu ya kibodi ya simu safu ya vitufe vya ziada ambamo Esc imo, kwa hiyo mambo yote yaliyoelezwa hapa yanaweza kujaribiwa kwenye simu, ingawa vidole hubanana.

Ndipo mapambo yanapopata nafasi yake. Vim husoma mipangilio ya mtumiaji kutoka faili liitwalo .vimrc, ambalo hukaa katika folda yake ya nyumbani, na ni faili hili linaloifanya Vim ya mtu mmoja isifanane na ya mwingine. Kosa linalotendwa sana ni kunakili faili la mtu mwenye uzoefu, lenye mamia ya mistari na programu-jalizi nyingi, yaani vipande vya programu vinavyoongezwa ili kuipa Vim uwezo mpya. Kitu kikiharibika, anayeanza hajui kama tatizo ni la Vim, la kipande fulani au lake mwenyewe, na hata akiomba msaada hawezi kueleza anachokitumia. Kanuni inayofaa ni kwamba mstari usiingie katika faili hilo kabla mwenyewe hajakutana na haja yake na kabla hajaweza kusema unafanya nini. Mtu aliyechoshwa na kuhesabu mistari aongeze “set number”. Aliyechoshwa na utafutaji unaotofautisha herufi kubwa na ndogo aongeze “set ignorecase”.

Kuna mtego mmoja hapo ambao ni lazima uelezwe. Tangu toleo la 8, lililotoka mwaka 2016, Vim ikikosa faili la .vimrc husoma mipangilio yake ya msingi kutoka faili liitwalo defaults.vim, ambalo huwasha rangi za msimbo na manufaa mengine. Mwanafunzi anapounda .vimrc yake ya kwanza yenye mstari mmoja tu, Vim huacha kulisoma faili lile la msingi, na rangi zinaweza kutoweka ghafla. Mwanafunzi hudhani mstari wake umevunja kitu, hali kilichokosekana ni mstari mwingine wa kuandikwa juu kabisa: source $VIMRUNTIME/defaults.vim. Akiuweka, manufaa ya msingi hurudi, na nyongeza zake hufanya kazi juu yake.

Kwa waandishi wa Kiswahili, mpangilio mmoja unastahili kutajwa. Lugha ambazo mafaili ya tahajia yameandaliwa kwa ajili ya Vim zinajumuisha Kiswahili, na amri ya “:setlocal spell spelllang=sw” huwasha ukaguzi wake katika faili lililofunguliwa. Alama “]s” hupeleka kishale kwenye neno linalofuata lenye kasoro, “z=” huonyesha mapendekezo, na “zg” huliingiza neno katika orodha ya mwandishi mwenyewe ili lisitiliwe shaka tena. Kwa kuwa kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba viambishi vingi na kuzaa maumbo mengi mno, orodha yoyote ya maneno itayatilia shaka maumbo yaliyo sahihi, na mwandishi asiache “zg” ifanye kazi bila ya yeye kufikiri, maana neno lenye kosa likiingizwa humo halitaonyeshwa tena.

Msaada wa ndani wa Vim ni mpana na umeandikwa kwa uangalifu: “:help” ikifuatiwa na jina la amri hufungua maelezo yake, “Ctrl” pamoja na “]” hufuata kiungo, na “Ctrl” pamoja na “O” hurudisha msomaji alikotoka. Maelezo hayo ni ya Kiingereza, na kwa mwanafunzi asiyekimudu njia nzuri ni kuwa na faili lake la maelezo kwa Kiswahili, analoliandika kwa Vim yenyewe, akiweka amri moja kila anapojifunza, pamoja na mfano kutoka kazi yake.

Atakayeamua baadaye kurudi kwenye kihariri kingine hatakuwa amepoteza muda. Visual Studio Code ina programu-jalizi inayoiga amri za Vim, vihariri vya kampuni ya JetBrains vina ya kwao iitwayo IdeaVim, na Neovim, iliyotokana na msimbo wa Vim mwaka 2014, inafuata sarufi ileile ingawa mipangilio yake huandikwa pia kwa lugha ya Lua. Bash, programu inayopokea amri katika terminali nyingi za Linux, huikubali sarufi hiyo baada ya “set -o vi”, na less, inayotumiwa kusomea mafaili marefu, hushuka kwa j, hupanda kwa k, na hutafuta kwa mkwaju (/) na n.